Barolo waachieni wenye nazo: mivinyo myekundu ya Italia isiyovuma

Ukitaja mvinyo mwekundu wa Italia, wengi wanakimbilia Barolo, Brunello na Chianti. Sina ugomvi nazo. Ila Barolo ya maana huipati kirahisi chini ya euro 30, na mimi mfuko wangu naujua. Kwa pesa hiyo nanunua chupa mbili za mvinyo ambao jina lake halijulikani, na mara nyingi nafaidi zaidi.

Naanza na ninayoipenda kuliko zote, Aglianico del Vulture. Inatoka Basilicata, kusini, kwenye miteremko ya Monte Vulture, volkano iliyozimika zamani. Kule juu usiku ni wa baridi, na zabibu za Aglianico haziivi kwa haraka: mavuno hufika mwisho wa Oktoba, hata Novemba, wakati sehemu nyingi za Italia wameshamaliza kazi. Ndiyo maana mvinyo wake una nguvu na bado una uchachu wa kuamsha ulimi. Yangu ilikuwa ya euro 16. Nilipoifungua tu, ilikuwa kama imenuna: tanini, ule ukakasi wa maganda na mbegu za zabibu, inabana ufizi, harufu hakuna. Nikaimimina kwenye jagi, nikaiacha saa mbili. Ikageuka kabisa. Ikaja plamu nyeusi, ikaja moshi kidogo, na mwishoni ladha fulani ya chumvichumvi iliyonifanya nirudie funda. Kwa mbavu za mwanakondoo za kuchoma, sijui utataka nini kingine. Ukiinywa bila chakula, utanilaumu bure.

Ruchè ni habari nyingine. Ni ya vijiji saba tu vya mkoa wa Piemonte, kaskazini, kikiwemo Castagnole Monferrato, na padri wa pale, Giacomo Cauda, ndiye aliyeifufua miaka ya 1960 wakati ilikuwa inaelekea kupotea. Mwaka 2010 ikapandishwa hadi DOCG, daraja la juu kabisa katika sheria ya mvinyo ya Italia. Inanukia waridi na pilipili manga. Glasi ya kwanza ni raha tupu. Ya pili, kileo cha asilimia 14.5 kinaanza kuchoma koo na waridi linazidi kiasi. Nunua, lakini mkiwa watu wanne mezani.

Ukipenda harufu ya maua bila moto huo, tafuta Lacrima di Morro d'Alba, ya mkoa wa Marche. Haihusiani na mji wa Alba ulio jirani na Barolo, wala si Lacryma Christi, mvinyo mwingine, wa Vesuvio. Waitalia wenyewe wametuchanganyia majina. Iweke kwenye friji dakika ishirini hivi, uinywe ingali changa. Muuzaji akikusifia iliyokaa rafuni miaka minane, mwachie.

Sagrantino ya Montefalco, Umbria, husifiwa mno na wajuzi. Lazima ikae miezi 37 kabla ya kuuzwa, na hata baada ya hapo tanini yake inakausha mdomo mzima. Niliitolea euro 28 na kwa kweli sikuifurahia. Lakini wana passito yake, tamu, ya zabibu zilizoanikwa, na hiyo ndiyo waliyoizoea wenyeji kabla ya ile kavu, isiyo na utamu, kupata jina. Utamu na tanini vinashikana vizuri sana. Kipande cha jibini ya pecorino iliyokomaa pembeni, basi.

Ya mwisho, Verduno Pelaverga. Verduno ni mojawapo ya vijiji vinavyotengeneza Barolo yenyewe, lakini Pelaverga ni nyepesi, rangi imefifia, ina stroberi na pilipili manga. Sio mvinyo wa kuwekea miaka wala wa kujadili. Ni wa mchana, na salami, na watu wanaoongea kwa sauti. Ni adimu kwa sababu mashamba yake ni machache, kwa hiyo nikiikuta dukani kwa euro 13 au 14, huwa sibebi chupa moja.