Ziara ya Korntal: hela nimetoa, makaburi nimejitafutia mwenyewe

Yule bwana aliyetuongoza kwenye ziara hii ya kulipia alikuwa akitazama saa kila dakika mbili, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Hapo tu ningejua.

Mimi mtu wa Rabai, pwani ya Kenya, naishi Stuttgart, Ujerumani, siku nyingi. Mwaka jana hivi, baridi ikianza kuuma, nikapanda treni ya S6 hadi Korntal, kamji ka jirani, kwa jambo moja tu: makaburi ya Krapf na Rebmann, wamisionari wa Kijerumani waliokaa kwetu Rabai. Kwetu hata mtoto wa shule anawajua. Rebmann ndiye aliyeona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, wasomi wa London wakambishia. Krapf naye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, mwenyewe keshazikwa. Wote wawili walimalizia siku zao kwenye kamji haka.

Saa nzima tukasimamishwa mbele ya ukumbi wa ibada wa 1819. Sikatai, habari zenyewe tamu: mwaka 1816 uliokosa joto, njaa, wakulima wacha Mungu wakifunga virago kwenda Urusi, mpaka Hoffmann, meya wa Leonberg, akamwomba mfalme wa Württemberg, ufalme wa huku enzi hizo, awape pa kuabudu watakavyo ili wasihame. Wakanunua shamba la mkubwa mmoja, wakaligeuza kijiji. Hapo anasimulia vizuri, haki yake nampa.

Nikauliza, kwa adabu zote, makaburini tunaenda saa ngapi. Akasema hayamo kwenye ratiba. Nikamtaja Krapf. "Huyo ni wa kwenu huko. Hapa ni historia ya Korntal." Wenzangu wakacheka. Na yuro 12 nimelipa!

Wa kwetu vipi, na mifupa iko kwao? Aliyelala kwetu ni mkewe, Rosine, pale Nyali, Mombasa, tangu 1844.

Nikawaacha hapo hapo. Makaburini nikamkuta bibi mmoja anatundika kopo la kumwagilia maua. Nikataja jina tu, akanipeleka mpaka kwenye jiwe, akapangusa majani kwa kiganja, kisha akaniuliza kama Rabai mvua zimenyesha. Nikashindwa kujibu, koo limenikaba.

Ziara hii nilikusudia kuipa nyota moja. Kwa ajili ya bibi nikaandika tatu. Lakini bibi si wa hao wenye ziara, eti? Na barua pepe nimewatumia mbili, kimya. Basi, moja. Korntal nendeni, tena msikose, ila msimlipe mtu: ukishuka stesheni ulizia makaburi ya zamani.