Uzoefu wangu na mwalimu wa kinanda wa kuja nyumbani (Dodoma), miezi 9 sasa

Habari zenu wapendwa. Wazazi wengi wa hapa Dodoma wanaulizia walimu wa kinanda wa kuja nyumbani, nikasema niandike ya kwangu maana mimi nusura nimfukuze mwalimu mzuri kwa haraka zangu.

Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu, tunakaa Kisasa. Kabla ya huyu wa sasa tulikuwa na mwalimu mwingine, simtaji, alikaa miezi mitatu na alinifurahisha sana kwa kweli, ndani ya muda huo mtoto ana nyimbo sita za kanisani, wageni wakija namwita aje apige, nawarushia mashangazi zake video wasapu. Sasa siku moja kwaya ya watoto wakauanzisha wimbo juu kidogo ya pale alipozoea, mtoto akaganda kabisa, machozi yanamlenga. Kumbe nyimbo zote alifundishwa kuzipiga sehemu ileile, do iko palepale siku zote, wimbo ukipanda unabonyeza transpozi kinanda kinapandisha chenyewe, na kinanda cha kanisani si kama chetu hakujua hata pa kubonyeza. Noti hasomi hata moja, alikuwa anafuata stika za rangi zilizobandikwa kwenye vibonye. Niliumia sana siku ile.

Huyu wa sasa alipofika kitu cha kwanza akabandua stika zote. Miezi miwili ya mwanzo hakuna wimbo. Ni namba za vidole, gumba ni 1 na kidole cha mwisho ni 5 mikono yote miwili, halafu skeli ya C, yaani ngazi ya noti do mpaka do, do ikiwa kwenye kibonye cha C: mkono wa kulia unapanda do re mi kwa kidole 1, 2, 3, ukifika fa gumba linapita chini ya kidole cha kati linaidaka fa, na mkono usiruke wala kiwiko kisinyanyuke. Wiki tatu hiyo hiyo tu! Mimi niko jikoni na mlenda wangu nasikia do re mi… kimya… fa. Do re mi… kimya… fa. Na jirani yangu ananiambia mtoto wa dada yake Dar ameshafaulu gredi 1 ya ABRSM ile mitihani ya muziki ya London, yaani nikachukua simu nikampigia ticha nikamuuliza mbona mwanangu hasogei, hela nalipa kila wiki.

Hakukasirika. Alikuja akaniambia mama wewe unahesabu nyimbo, hebu tuhesabu vingine. Akanifafanulia hiyo gredi 1 ya kawaida ya vitendo ina alama 150 na kufaulu ni 100, nyimbo ni tatu, kila moja alama 30, kwahiyo hata mtoto azipige zote bila kosa ana 90 na bado hajafaulu, zinazobaki ziko kwenye skeli, kusoma kipande ambacho hajawahi kukiona, na mazoezi ya kusikiliza (kuna mtihani mwingine wa kutuma video ya nyimbo nne, huo ni tofauti). Akasema kila mwisho wa mwezi mrekodi zoezi lilelile, simu iwe juu ya mikono, usimfananishe na mtoto wa mtu, mfananishe na video yake ya mwezi uliopita.

Jamani hizo video ndo zimenibadilisha. Ile kimya kabla ya fa mwezi wa tatu ipo, mwezi wa tano imeisha kabisa. Zamani macho yalikuwa kwenye vidole, sasa yako kwenye karatasi. Na kubwa kuliko yote, zamani akikosea anarudi mwanzo wa wimbo, sasa anarudi palepale alipokosea, anapapiga taratibu mara mbili tatu ndo anaendelea, hakuna aliyemwambia. Babu yake alitoka Mvumi kuja kututembelea, yeye ni mpigaji wa ilimba, ile ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba, na hajui noti hata kidogo, akakaa akamsikiliza amefumba macho akasema mdundo wake siku hizi haukatiki. Mwezi uliopita kanisani do ikahamia G, akaitafuta ti akaikuta kwenye kibonye cheusi mwenyewe, akaendelea.

Mapungufu yapo. Mvua ikinyesha ticha anachelewa na hasemi, unabaki unachungulia getini. Bei ni 15,000 kwa kipindi cha dakika 45, mara mbili kwa wiki, kwa mwezi ni hela inayouma. Halafu anasisitiza tubadilishe kinanda, chetu kina vibonye 61 na ukigonga kwa nguvu au taratibu sauti ni ileile, piano yenyewe ina 88 na inasikia uzito wa kidole. Hapo ana haki ila kwa sasa siwezi, tunakitunza hichihichi, tukimaliza nakifunika kanga mbili maana vumbi la kiangazi hapa mnalijua.

Nampa nyota 4 kati ya 5. Wiki hii wameanza skeli ya G mikono miwili, wa kushoto bado unaburuzwa, na video ya kwanza nimesharekodi.