Zoladex 3.6 mg kwenye joto la Dodoma: kijiti kizuri, ila kitunzwe

Mgonjwa wa saratani ya tezi dume anayesafiri kutoka Kondoa au Mpwapwa kuja Dodoma mjini hupata nafuu kubwa akichomwa mara moja tu kila siku 28. Kwa hilo Zoladex, kijiti cha dawa kinachochomwa chini ya ngozi, tunaipa alama za juu.

Goserelini, dawa yenyewe iliyomo kwenye Zoladex, imechanganywa kwenye kijiti chembamba, kipenyo kama milimita 1, cha polima (minyororo mirefu ya molekuli) ya asidi laktiki na glikoliki. Kikishakaa chini ya ngozi, maji ya mwili huikata polima kidogo kidogo, dawa ikatoka. Udhaifu wake uko hapo hapo, maana unyevu ukiingia mapema, ukataji huanzia kwenye pakiti. Kila kiungo cha mnyororo huo kinachokatika huacha asidi, na asidi huharakisha ukataji unaofuata. Ndiyo maana pakiti ni ya foili na ndani ina kidonge cha kunyonya unyevu. Usiifungue mpaka mgonjwa awe tayari kitandani.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni joto. Kikomo cha kutunzia ni nyuzi 25 za Selsiasi, na mchana wa Novemba Dodoma hupita 30 kama kawaida. Ukavu wa hewa yetu hapo hausaidii kitu. Friji si lazima, lakini chumba chenye joto hakifai, na gari lililoegeshwa juani ndiyo kabisa! Kijiti kilichopata joto hukijui kwa kukitazama, kwa hiyo kipimajoto kikae kabatini na kisomwe asubuhi na alasiri. Duka lisilo nacho, nunua kwingine.

Kwenye kuchoma, kosa baya ni kutoa hewa kama sindano ya maji. Kijiti kinaweza kusukumwa nje. Inua bomba kwenye mwanga ukione kijiti, ondoa kizuizi cha plastiki, finya ngozi ya tumbo chini ya kitovu, ingiza sindano kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45, kisha sukuma mpaka mwisho kabisa. Ukiishia njiani, kikinga cha kuifunika sindano baada ya kuchoma hakifunguki. Alama tunazipunguza kwenye sindano yenyewe: geji 16 ni nene, ganzi itolewe kwa anayehitaji. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema, kwani ukuta wa tumbo una mishipa inayoweza kuvuja damu nyingi.

Tena, siku 28 si mwezi wa kalenda. Aliyechomwa Jumanne arudi Jumanne, wiki nne baadaye.