Gitaa linalomalizia mstari: CD mbili za Blind Willie Johnson

Mpiga gitaa yeyote wa kanisani amsikilize Blind Willie Johnson, mwimbaji kipofu wa nyimbo za injili kutoka Texas, Marekani, kabla hajaongeza pedali nyingine ya kubadilisha sauti ya gitaa kwenye mkoba wake. Nasema hivyo baada ya kukaa kwa muda na The Complete Blind Willie Johnson, CD mbili zilizotolewa na Columbia/Legacy mwaka 1993, ambazo binamu yangu aliniletea kutoka Texas. Ndani yake mna nyimbo zote 30 za mtu huyu zilizowahi kutolewa. Alizirekodia kampuni ya Columbia huko Dallas, New Orleans na Atlanta, kuanzia Desemba 1927 hadi Aprili 1930, na baada ya hapo hakuingia tena studio.

Mimi napiga solo kwenye kwaya ya usharika wetu hapa Morogoro. Sisi tumelelewa na sebene: gitaa linavumilia beti ziishe, kisha linapewa uwanja na watu wanainuka. Kwa Johnson gitaa halivumilii chochote, limo ndani ya wimbo tangu neno la kwanza. Chukua It's Nobody's Fault but Mine. Anaimba nusu ya mstari, ananyamaza, na gitaa linamalizia maneno yaliyobaki. Ukishausikiliza mara kadhaa, huna uhakika tena kama neno la mwisho uliimbiwa au ulipigiwa.

Nimejaribu kuelewa anafanyaje. Nyuzi za gitaa lake kavu zimetyuniwa hivi kwamba ukizipiga zote bila kubana popote, unapata do-so-do-mi-so-do, kuanzia ile nene kwenda ile nyembamba. Kidole gumba kinagonga besi bila kuchoka, tena mara nyingi ni uzi uleule mmoja, pigo kwa pigo. Mkono wa kushoto unatelezesha kitu kigumu juu ya uzi mwembamba, na hapo ndipo utamu ulipo: haishii kwenye mi, wala haishii kwenye ma, yaani mi iliyoshushwa nusu, anasimama mahali fulani katikati na kutetemesha. Kwaya zetu zilizozoea solfa zitaelewa ninachosema. Noti hiyo haimo kwenye kinanda, lakini imo kwenye koo la mama anayeomba kwenye mkesha saa tisa usiku.

Aliyezoea gitaa la Mwenda Jean Bosco wa Katanga atalipenda dole gumba la Johnson, ingawa hawa wawili hawafanani kwa mengi. Bosco anachezesha besi huku na kule kwa wepesi mkubwa. Johnson amekaza mahali pamoja.

Sasa sauti. Huyu bwana ana sauti mbili. Moja ni ya kawaida, ya tenor, tamu kabisa. Nyingine inatoka chini kifuani ikikwaruza, kama ya mhubiri aliyehubiri mkutano wa hadhara siku nzima bila kipaza sauti. Wengi wanaikimbia hiyo ya pili wanapoisikia mara ya kwanza. Dawa yao ni kuanza na Let Your Light Shine on Me, ya New Orleans, Desemba 1929. Anaanza polepole kwa ile sauti tamu, unadhani ni wimbo wa kuingilia ibadani. Kisha mwendo unashika kasi, halafu ghafla ile sauti ya kukwaruza inaingia na maneno yaleyale yanakuwa na uzito mwingine kabisa. Wimbo ni mmoja na mwimbaji ni mmoja, wala hakuna ngoma ya kumsaidia. Huwa napata msisimko hapo kila nikisikiliza, na sioni sababu ya kuficha.

Kwenye nyimbo kadhaa anaitikiwa na mwanamke, Willie B. Harris, na kwangu mimi hizo ndizo zenye afya kuliko zote. Keep Your Lamp Trimmed and Burning ni wanawali kumi wa Mathayo 25. Yeye anakwaruza, Harris anapita juu yake kwa sauti nyembamba isiyotetemeka, na wala hawasubiriani. Mwalimu wa kwaya angewaambia waanze pamoja na wamalize pamoja. Nashukuru hakuwepo mwalimu wa kwaya siku ile Dallas. Jesus Is Coming Soon nayo inahusu homa kubwa ya mafua ya 1918, ileile iliyofika hadi huku Afrika Mashariki mwishoni mwa Vita Kuu. Baada ya korona, wimbo huo hausikiki kama habari ya kale. John the Revelator, ya Atlanta mwaka 1930, ni pambio tupu: mmoja anauliza nani anayeandika, mwingine anajibu ni Yohana, na kitabu ni kile chenye mihuri saba.

Dark Was the Night, Cold Was the Ground nimeiacha hadi hapa makusudi, maana inahitaji mtu aliyekwisha kuzoea. Jina linatokana na tenzi ya Thomas Haweis ya karne ya 18 kuhusu usiku wa Bwana Yesu pale Gethsemane. Johnson aliyaacha maneno yote. Anaguna na kuomboleza kwa koo lililofumba, na gitaa linakwenda naye sambamba, mara linatangulia, mara linafuata. Haufiki hata dakika nne. Mwaka 1977 wimbo huu uliwekwa kwenye ile santuri ya dhahabu iliyobebwa na vyombo vya Voyager kwenda anga za mbali, na watu hupenda kuisimulia habari hiyo. Mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba Luka anasema jasho lake Yesu lilikuwa kama matone ya damu, na nimewasikia wahubiri wengi wakilieleza jambo hilo kwa saa nzima, na hapa mtu asiyeona amelieleza bila kutamka neno hata moja.

Alipoteza macho akiwa mtoto na aliishi kwa kuimba barabarani katika miji ya Texas. Picha yake moja inayojulikana inamwonyesha amekaa na gitaa, na kikombe cha bati kimefungwa kwenye kichwa cha gitaa ili wapita njia watie senti zao. Mwaka 1945 nyumba yake huko Beaumont iliungua, na alifariki Septemba mwaka huohuo. Cheti cha kifo kimeandika homa ya malaria. Nilipolisoma hilo niliizima redio kidogo, kwa sababu malaria tunaijua.

Kasoro zipo. Rekodi za awali za studio hazipo, kwa hiyo kila kitu kimenakiliwa kutoka santuri za zamani, na mikwaruzo inasikika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nyimbo nyingine zina mikwaruzo ya kuchosha kweli. Usizisikilize kwa spika ya simu: besi ya kidole gumba inapotea yote na unabaki na kelele. Tumia hedifoni au redio yenye spika nzito. Maneno pia ni magumu kushika, hata kwa anayejua Kiingereza vizuri, kwa hiyo kaa na Biblia karibu, nusu ya kazi itakuwa imekwisha. Tena nyimbo zimepangwa kwa mfuatano wa tarehe za kurekodi, jambo linalomfaa mtafiti kuliko msikilizaji. Mimi sisikilizi CD nzima kwa mkupuo. Nyimbo nne au tano zinanitosha jioni moja.

Kama moyo wako unataka furaha zaidi kuliko kilio, anza na Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Arkansas, aliyeanza kurekodi na kampuni ya Decca mwaka 1938 na baadaye akashika gitaa la umeme kwa namna ambayo vijana wa rock walikuja kuifuata. Au The Staple Singers wa miaka ya 1950, pale baba yao, Pops Staples, anapolitetemesha gitaa la umeme taratibu nyuma ya sauti za wanawe. Wote hao nawapenda. Lakini nikiambiwa nichague mmoja wa kumpa kijana anayeanza kupiga gitaa kanisani, nampa hizi CD mbili.

Naye asianze na Dark Was the Night, wimbo huo hauna mapigo ya kumshika mkono. Aanze na It's Nobody's Fault but Mine. Alegeze uzi wa sita kutoka E hadi D, wa tatu kutoka G hadi F-shapu, wa pili kutoka B hadi A, wa kwanza kutoka E hadi D. Wa tano na wa nne asiziguse. Kidole gumba kwanza, hadi kiende chenyewe bila kukiangalia, na hapo ndipo ateleze.