Kahawa kwenye meli za watalii: nilivyolinganisha migahawa yake kwa mdomo wa Mombasa

Kwenye meli ya watalii kuna kahawa aina mbili, na asiyezitenganisha huishia kuilaumu meli nzima. Ya kwanza ni ya bafe: bure, unajimiminia mwenyewe, na mara nyingi ni kahawa nzito iliyokuja kwenye pakiti ambayo mashine huizimua kwa maji moto. Ya pili ni ya mgahawa mdogo wenye mashine ya espreso, yaani kahawa fupi nzito, na barista anayeiandaa, na hiyo unailipia. Ninazolinganisha hapa ni hizi za pili pamoja na vitafunio vyake, maana huko ndiko pesa zinakoenda na ndiko kampuni zinakotofautiana. Na hizo meli tunazoziona Kilindini msimu wa kaskazi hazipandwi kwa ajili ya kikombe tu. Asiye abiria haingii. Wengi wetu hupandia Dubai, Durban au Ulaya.

Bei kwanza. Kapuchino, yaani espreso yenye maziwa ya povu, ni kama dola 4 hadi 6 za Marekani, kisha kampuni nyingi hutia juu yake malipo ya huduma ya asilimia 18 hadi 20. Kikombe cha dola 5 kikiongezwa asilimia 18 kinafika dola 5.90. Ukihesabu dola kwa shilingi 129, hizo ni zaidi ya shilingi 760. Kwa pesa hizo pale Mji wa Kale unawanywesha baraza zima kahawa chungu, na kashata juu. Kwa hivyo mimi kila mgahawa naupima hivi: nikishalipia kikombe, kaunta inanipa nini cha kula bila malipo, na hadi saa ngapi?

Kwa kipimo hicho, International Café ya kampuni ya Princess inawapita wenzake. Iko chini ya ukumbi wa kati wanaouita Piazza, hufunguliwa saa 24, na vyakula vyake vingi vimo ndani ya nauli: vitu vya kuoka asubuhi, saladi na sandwichi mchana, keki usiku. Kahawa ni ya kulipia isipokuwa una kifurushi cha vinywaji, yaani malipo ya jumla ya kila siku. Kapuchino imo kwenye kifurushi cha Princess Plus. Kwa anayefunga, kaunta isiyofungwa ni neema: daku ya saa kumi alfajiri unaichukua kwenye sahani, huna haja ya kuagiza chumbani wala kulipia kuletewa.

Holland America wana Explorations Café, mahali pa kitabu na dirisha pana, lakini ninayoipenda ni Grand Dutch Café iliyo kwenye meli zao mpya kama Koningsdam na Nieuw Statendam. Kahawa unalipia, ila vitafunio vya Kidachi vingi ni bure, na supu yao nzito ya njegere inashibisha kama mlo. Uliza kabla hujaonja, kwa sababu supu hiyo kwa asili hupikwa na nyama ya nguruwe.

Celebrity nao wana Café al Bacio. Hapa ndipo pa kunywa kahawa yenyewe. Keki ni za bure, aiskrimu ya Kitaliano unalipia, na vifurushi vyao vya vinywaji hugharamia espreso na jamaa zake. Ukiwa si mtu wa kula sana kati ya milo, naipa nafasi mbele ya Princess.

Royal Caribbean ni kinyume chake: unakula kuliko unavyokunywa. Café Promenade hutoa sandwichi ndogo, biskuti na kahawa ya kawaida bila malipo, na kwenye meli za aina ya Oasis kuna Park Café pia, yenye sandwichi ya nyama ya ng'ombe iliyookwa ambayo watu huifuata makusudi. Ukitaka kapuchino utalipa. Jihadhari na jambo moja: baadhi ya meli hizo zina duka kamili la Starbucks, ule mtandao wa maduka ya kahawa wa Marekani, la kwanza baharini likiwa lile la Allure of the Seas mwaka 2010, na kifurushi cha vinywaji cha meli hakifanyi kazi pale. Kapuchino ya Café Promenade imo kwenye kifurushi, ya Starbucks hatua chache mbele haimo. Kinywaji ni kilekile cha nchi kavu, na mimi sioni sababu ya kulipia mara mbili.

Carnival wana JavaBlue, haraka na haina makuu. MSC wanafaa kwa mnywaji wa espreso kavu, kwa sababu desturi ya Kitaliano imesambaza mashine kwenye baa nyingi za meli na hulazimiki kwenda mgahawa mmoja wenye foleni. Agiza fupi, unywe umesimama, uende zako.

Sasa maji, ambayo abiria wengi hawayafikirii. Meli hutengeneza maji yake kutokana na bahari, ama kwa kuyachemsha na kukusanya mvuke, ama kwa kuyasukuma kwa nguvu kupitia chujio laini sana. Yanatoka karibu hayana madini, ndipo hurudishiwa madini kidogo na kutiwa klorini. Maji yenye madini machache mno hutoa kahawa iliyopooza yenye ukali usio na utamu nyuma yake, na klorini ikizidi unaisikia puani kabla hujanywa. Mashine nzuri huwa na chujio la mkaa kwenye bomba lake. Chujio likichelewa kubadilishwa, harufu hurudi. Kwa hiyo omba kikombe cha maji moto kutoka mashine ileile na ukinuse. Yakinuka kama bwawa la kuogelea, usipoteze dola 5.

Kisha mtazame barista. Espreso mbili huhitaji karibu gramu 18 za unga wa kahawa na hutoa gramu 36 hivi kwa sekunde 25 hadi 30. Ikimiminika kwa sekunde 15 itakuwa chachu na nyepesi; ikidondoka hadi sekunde 40 itakuwa chungu, na si uchungu ule wa kahawa ya dele, birika letu la kahawa, tunaoutaka. Hewa ya bahari ina unyevu, hivyo usagaji wa asubuhi huenda usifae mchana; barista anayejua kazi hugusa kirekebishi cha kinu mara kadhaa kwa siku. Dalili nyingine ni bomba la mvuke. Akilifuta kwa kitambaa na kulitoa hewa kabla na baada ya maziwa, kaa hapo. Likiwa na ganda jeupe la maziwa yaliyokauka, agiza espreso tupu au nenda kwingine.

Maziwa mara nyingi ni ya muda mrefu, yale ya pakiti, hasa meli ikiwa katikati ya bahari siku nyingi. Yanatoa povu vizuri lakini yana utamu wa kupikwa. Joto lake liwe nyuzi 60 hadi 65. Yakipita 70 ladha inaharibika na povu linakuwa mapovu ya sabuni. Mwambie asiyapashe sana, nao hufanya. Bahari ikichafuka, agiza kikombe kidogo, maana kikubwa watakijaza robo tatu kwa bei ileile.

Wapenzi wa chai ya maziwa tuna shida zaidi. Maji ya bomba la bafe hayachemki, na kifuko kimoja ndani ya maji vuguvugu na maziwa baridi si chai. Dawa yake ni kaunta ya espreso: omba maziwa ya kuchemshwa kwa mvuke, kama mililita 200, tia vifuko viwili, funika dakika tano, halafu ongeza iliki na tangawizi kavu ya unga uliyoibeba kwenye pakiti iliyofungwa. Uliza bei ya maziwa hayo kwanza. Usibebe birika la umeme; kampuni nyingi hulizuia kwa hofu ya moto, ingawa P&O ya Uingereza na Cunard huweka birika chumbani wenyewe. Cunard pia huandaa chai ya alasiri saa tisa na nusu katika Queens Room, bila malipo, wahudumu wakiwa na glavu nyeupe. Mahamri hakuna, lakini skonzi zake zinatosha.

Kuhusu halali, kaunta hizi huuza pia kahawa zenye pombe, na jagi la maziwa linaweza kuwa lilelile. Sema mapema. Sandwichi ya jibini huweza kufichwa kipande cha nguruwe, tiramisu huweza kuwa na pombe, na keki zenye krimu ya kutetema huwa na jelatini. Jibu la "nadhani" usilikubali; omba amuite msimamizi wa jikoni, wana orodha ya viambato.

Kifurushi kipigie hesabu kabla ya kupanda. Tuseme kifurushi kisicho na pombe ni dola 30 kwa siku. Ukiongeza asilimia 18 ni dola 35.40, yaani vikombe sita vya dola 5.90 kila siku, hata siku za bandarini ambapo unashuka asubuhi na kurudi magharibi. Mtu wa vikombe viwili alipie kimoja kimoja.

Kaunta hazipokei pesa taslimu wala M-Pesa. Unatoa kadi ya chumba, na deni linakwenda kwenye akaunti yako, ambayo huilipa kwa kadi ya benki au kwa dola ulizoweka kwenye dawati la wageni. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi au dola, chagua dola; ile ya shilingi huja na kiwango kibaya cha kubadilisha. Usiku wa mwisho fungua akaunti kwenye televisheni ya chumbani na upitie mistari ya kahawa. Kosa la kawaida ni kikombe kilichomo kwenye kifurushi kutozwa tena. Nenda dawatini usiku huohuo, kwa sababu asubuhi ya kushuka foleni yake hufika kwenye ngazi.