TAHADHARI: Usajili wa SHA ni bure, na anayekutoza hataki mia tano yako tu

Nje ya malango ya hospitali, masokoni na kwenye makundi ya WhatsApp kuna watu wanaojiita "maajenti wa SHA". Wanatoza mia mbili, mia tano, wengine hata elfu moja, eti wakusajili SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya. Usajili huo haulipiwi. Tangu SHA ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, unajisajili mwenyewe kwa kubonyeza *147#, kwa kuingia afyayangu.go.ke, au kwa kubeba kitambulisho chako hadi Huduma Centre, ofisi ya SHA au kituo cha afya. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu naye anaweza kukusajili ukiwa nyumbani, na hapaswi kupokea hata shilingi. Saiba, yaani duka la intaneti, ikikutoza pesa ya kompyuta au ya kuchapisha karatasi, hiyo ni biashara yake. Shida inaanza ikiita pesa hiyo "ada ya SHA".

Na hiyo mia tano ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni nambari ya simu.

Akaunti yako ya SHA hufunguka kwa nambari ya kitambulisho pamoja na OTP, yaani nambari ya siri ya kutumia mara moja, inayotumwa kwa simu iliyosajiliwa. Dalali mwenye haraka huandika nambari yake "ili isichelewe". Dalali mwenye nia mbaya huandika nambari yake makusudi. Tangu hapo kila OTP inamfikia yeye. Anaweza kuingia kwenye akaunti, kuongeza watu usiowajua kama wategemezi wako, na kukurudisha kwake kila unapohitaji kubadilisha kitu, ulipe tena. Hatari haiishii hapo. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo vingi vya afya kwa madai ya udanganyifu, ikiwemo wagonjwa hewa na wagonjwa waliotibiwa na kurudi nyumbani huku madai yakionyesha wamelazwa. Madai ya aina hiyo yanahitaji majina halisi ya watu halisi, na dalali mwenye vitambulisho mia mbili kwenye simu yake anayo bidhaa ya kuuza. Ukaguzi wa alama za vidole umeletwa kuziba pengo hilo hospitalini, ila haukuhamishii akaunti kutoka kwa simu ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, hata ukisaidiwa na mtoto wa jirani, shika simu yako mkononi. OTP iingie kwako, uisome wewe, uiandike wewe. Usajili ukikamilika utapata nambari ya SHA inayoanza na herufi CR. Kama hujapokea ujumbe wowote kwenye laini yako, uliza papo hapo ni nambari gani imeandikwa. Usiondoke kabla hujajibiwa.

Kuna hatua ya pili ambayo madalali huificha au huiharibu, nayo ni tathmini ya uwezo wa kaya. Kwa mtu asiye na mshahara, mchango hukokotolewa kutokana na maswali kuhusu kaya: kuta na paa la nyumba ni la nini, choo ni cha aina gani, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, mnawasha taa gani, mna mifugo, mko wangapi. Kiasi cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Hapa kuna utapeli wa namna mbili zinazopingana. Mmoja anakuahidi "nitakushushia hadi mia tatu" na kujaza paa la nyasi na kuni hata kama nyumba yako ni ya mawe yenye stima. Taarifa hizo zimetolewa kwa jina lako na kwa kibali chako, na siku zikikaguliwa anayeulizwa ni wewe. Mwingine hana hata mpango. Anabonyeza majibu yoyote amalize foleni, na mama anayeuza sukuma wiki anajikuta amepangiwa mchango wa mtu mwenye duka la jumla. Huyo wa pili ndiye anayeumiza watu wengi zaidi kimyakimya, kwa sababu mtu akiona kiasi kikubwa anakata tamaa na kuacha kabisa. Ukiona kiasi hakilingani na hali yenu, nenda ofisi ya SHA ukaombe tathmini iangaliwe upya. Hilo nalo halina ada.

Sasa malipo. Walioajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara na mwajiri ndiye anayewasilisha, kwa hiyo "ajenti" anayemwambia askari wa usiku mwenye payslip alipe kando anamwibia. Kwa wasioajiriwa, mchango hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Ukipangiwa 300, unalipa 3,600. Ukipangiwa 550, unalipa 6,600. Ndiyo maana ile sentensi tamu ya "toa mia tatu tu leo, kesho unatibiwa" ni uongo kutoka mwanzo, hata kama pesa hiyo ingefika SHA. Na haifiki: inaingia kwenye till ya duka au kwa jina la mtu. Kabla ya kuweka PIN, M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea. Ukiona jina la mtu binafsi au la biashara usiyoijua, bonyeza ghairi. Njia salama ni kuanzia *147# mwenyewe, kisha uhakikishe kwenye menyu hiyo hiyo kwamba malipo yameonekana. Asiyeweza kutoa pesa yote mara moja ana mpango wa serikali wa Lipa SHA Pole Pole, ambao ni mkopo wa mchango unaolipwa kidogo kidogo. Anayekudai "ada ya kushughulikia mkopo" kabla hujapata chochote ni tapeli wa mikopo wa kila siku, amebadilisha bango tu.

Jumbe za sasa zinahusu ufadhili. Oktoba 2025 serikali ilizindua mpango wa kuwalipia mchango watu milioni 2.2 wasiojiweza, na matapeli hawakulala. Ujumbe huja hivi: "Hongera, umechaguliwa kufadhiliwa na SHA. Tuma 350 kuthibitisha nafasi yako kabla ya saa kumi." Mtu anayefadhiliwa kwa sababu hana pesa hawezi kutakiwa kulipa ili afadhiliwe, na nafasi hizo haziuzwi na mtu wa kwenye simu. Linki iliyo ndani ya ujumbe huo kwa kawaida inaiga tovuti ya Afya Yangu, ikitofautiana kwa herufi moja au kwa mwisho usio .go.ke. Ukijaza kitambulisho na PIN hapo, umempa tapeli vyote viwili.

"Kadi ya SHA" ya plastiki nayo ni usanii. Hospitalini unatambuliwa kwa kitambulisho chako na alama za vidole.

Jambo ambalo madalali hawalisemi kabisa, maana linawaharibia soko: huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na hazina nyingine ya serikali. Kwa matibabu hayo usajili pekee unatosha, hata kabla hujalipa mchango wa mwaka. Mchango unahitajika kwa matibabu ya hospitali kubwa na kulazwa.

Kama umeshaingia mtegoni, anza na pesa: sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 mara moja kabla hazijatolewa, na ile nambari ya tapeli itume 333. Kisha piga 147 au fika ofisi ya SHA na kitambulisho chako, ubadilishe nambari ya simu ya akaunti na uombe kusomewa orodha ya wategemezi mmoja mmoja. Ondoa usiowajua. Angalia pia kama watoto wako wa kweli wamo, maana dalali mara nyingi husajili mzazi pekee na kuwaacha, na utagundua usiku mtoto akiwa na homa kali. Bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Aliyekipiga picha kwa ajili ya SHA anaweza kukitumia kwa mengine. Ukikuta laini usiyoijua, ripoti kwa kampuni husika na polisi, na ubaki na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.