iPhone 13 Pro ya mtumba kwa kazi za harusi: nimeitumia miezi 11, haya ndo niliyoyaona

Wadau, hii simu nimeshapiga nayo harusi, sendofu, kicheni pati mpaka komunyo, na kila anayenifuata inbox ana swali lilelile, kamera yake ikoje. Kamera nzuri, tumemaliza hapo. Ila kilichonifanya niache laptopu nyumbani sio kamera, ni chipu.

Nina laptopu ya i5 ya mwaka 2013, imenilisha hiyo siwezi kuisema vibaya, lakini ukiiwekea klipu ya 4K iliyorekodiwa kwa HEVC (mtindo wa kubana video ili faili liwe dogo) inaanza kukatakata, bwana harusi anatembea kama roboti na feni inalia utadhani bajaji imepakia watu sita inapanda mlima. Klipu hiyohiyo kwenye simu naivuta mbele nairudisha nyuma, wala haishtuki. Sababu ni kwamba chipu ya A15 iliyomo humu, ya Septemba 2021, ina transista bilioni 15 na kuna kipande kimetengwa kabisa kwa ajili ya kubana na kufungua video, hakina kazi nyingine. Laptopu yangu haina kitu kama hicho kwa HEVC, kwahiyo prosesa kuu inabeba zege lote peke yake. Na kumbuka iPhone ya kwanza ya 2007 ilikuwa hairekodi video kabisa, wenye Nokia N95 mwaka huohuo walikuwa na video yao ya pikseli 640 kwa 480 na tukawaona wamefika!

Faida yake naiona ukumbini. Juzi Sinza keki imekatwa saa tatu usiku, saa nne kasoro mama wa bibi harusi ana klipu ya dakika mbili yenye muziki na maandishi, ashaweka status, na foleni ya zawadi bado inacheza. Hapo nimeediti nimekaa nyuma ya spika na sahani ya pilau pembeni.

Sasa ProRes, yaani video isiyobanwa sana ya kuediti kitaalamu, hapa ndo watu wanaliwa. Muuzaji aliniambia "kaka hii ni mashine ya sinema, ina kila kitu", nikalipia ya GB 128 nikiwa nacheka, kumbe ya 128 ProRes yake inaishia 1080p (ubora wa chini ya 4K) fremu 30 kwa sekunde, ukitaka 4K ni kuanzia 256. Chipu ni ileile jamani! Tatizo ni pa kuweka, maana dakika moja ya ProRes 4K inakula karibu GB 6, na hata ya 1080p ni kama GB 1.7. HEVC ya kawaida ya 4K fremu 30 dakika ni MB 170 hadi 190 hivi, na mteja anayeangalia kwenye simu yake hataona tofauti, kwahiyo mimi ProRes naiwasha kwenye viapo tu, basi.

Joto nalo lipo. Bagamoyo saa nane mchana niliiacha kwenye stendi juani, tena imevaa kava nyeusi la raba, uzembe wangu, skrini ikafifia nikawa narekodi kwa kubahatisha. Simu haina feni, chipu yoyote ikichemka inapunguza mwendo. Siku hizi navua kava na kuna kijana wa kushika mwavuli.

Sauti inarekodi stereo na nje kwenye utulivu inatosha kabisa, ila ukumbini MC akishika maiki hakuna chipu ya kukuokoa, nunua maiki ya kubana kwenye koti. Kwenye kupiga simu ndo nilishangaa, tangu iOS 16.4 ukiwasha Voice Isolation hata simu ya kawaida inachujwa kelele, naongea na mteja jenereta linanguruma pembeni na ananisikia.

Kinachochosha ni tundu la Lightning, kasi yake ni USB 2, megabiti 480 kwa sekunde, yaani hata kwa hesabu ya kwenye karatasi GB 50 ni dakika 14 na kwenye uhalisia ni zaidi. Mwenye hela ya kuongeza aangalie 15 Pro, ina USB-C ya gigabiti 10 na inarekodi ProRes moja kwa moja kwenye SSD ya nje (diski ya kuhifadhia unayochomeka), ila waya wa kwenye boksi bado ni USB 2, wa kasi unajinunulia mwenyewe.

Kwa 13 Pro nawapa nne juu ya tano, chukua 256 usiguse 128. Mimi na 128 yangu nikirudi kwenye harusi nachomeka waya, naenda kuoga, nakula, narudi naikuta bado inahamisha.